Kitenge Juu ya Piki ya Donatien

Mukwe wangu anaitwa Donatien. Tangu alioa mutoto wangu Gentille, sijakula naye kwenye meza moja, sijamupa mukono, na sijamuita jina lake mbele yake. Kwetu, upande wa Djugu, ile njo heshima. Mukwe akikutana na mama ya bibi yake mu njia, mumoja anapisha mu majani. Haketi fasi mama anaketi. Halali chini mbele yake, hainami kumuonyesha mugongo, hamuonyeshi nguo chafu. Akiwa na neno anapitishia kwa mutu mwengine. Pastere wetu hapa Ngezi, mutaa wa Bunia, alifundisha kama ile ni mambo ya zamani, iachwe. Nilimujibu kwenye mulango wa kanisa kama hata yeye iko wa zamani, na hatujamuacha.

Vita ilitutoa kule. Tulifika Bunia na sufuria na godoro, tukapata parsele ndogo, na hapo shida ikaanza: mukwe na mama mukwe mu kiwanja kimoja, mulango unaangalia mulango. Watu walisema ukimbizi umevunja ile haya. Mimi nilisema ukimbizi umevunja nyumba yangu, inatosha. Nikatafuta miti, nikasimamisha bashi ya plastiki katikati ya kiwanja, ile wanapatia wakimbizi. Upande ule ni wao, upande huu ni wangu, na jiko iko kwangu. Donatien akitaka kutoka anakohoa, mimi naingia ndani. Mimi nikikohoa, yeye anangoja. Tumekohoa hivyo miaka. Mutu akipita inje anazani nyumba nzima ni wagonjwa.

Lakini mutu unaishi naye nyuma ya bashi, hata kama humuangalie mu uso, unamujua sana. Donatien ni mutu wa Mambasa. Baba yake alikuwa anapasua mbao, na yeye aliacha masomo mu primere ili ashike upande mwengine wa musumeno. Kisha akafuata zahabu mu pori. Gentille alinielezea kama siku moja shimo ilimuangukia, wenzake wakamuchimbua na mikono kama vile wanachimbua kiazi. Alitoka muzima, lakini hawezi tena kulala nyumba yenye mulango umefungwa. Anaacha wazi kidogo, hata mvua ikinyesha. Akaacha mashimo, akarudi kwa bibi yake hapa Bunia, akapata piki. Ile piki anaiosha mbele ya kuosha uso wake. Pombe hanywi. Anaimba nyimbo za kanisa, na sauti yake inapanda fasi haitakiwi kupanda. Anabeba watu, anabeba makala ya kupikia, siku moja alibeba kitanda, na mwenye kitanda alikuwa ameketi juu yake anasalimia watu.

Kwa hiyo ile siku nilisikia anasema mu telefone na mwenzake wa mashimo, nyuma ya bashi, niliacha kukoroga sombe, ile mboga ya majani ya muhogo.

"Constant," alisema, "unichungie fasi mu ile kamio ya kupeleka watu mashimo. Piki imenishinda. Sheni inaruka, pinyo imeisha meno. Niko na mupya, sheni na pinyo, lakini buloni yenye kukaza pinyo imekataa kufunguka. Guelord wa garage anasema injini ifunguliwe yote, nimuachie piki, ningoje. Ningoje nikikula nini? Kesho ni ville morte, nitajaribu mwenyewe hapa nyumbani, mara ya mwisho. Ikikataa, asubui yake napanda na weye. Turudie mashimo."

Niliketi chini palepale. Gentille ni mutoto mumoja mwenye alinibakia. Na alikuwa amekwisha kusema: mara hii bwana yake akienda mashimo, hatabaki kumungojea kama mujane mwenye bwana yake iko muzima. Atamufuata, na katoto kao Ushindi mu mugongo. Ningebaki mimi na bashi.

Ningemuomba asiende? Na kinywa gani? Mama mukwe haombi mukwe. Nilifunika sombe, nikaingia kulala na njaa juu ya hasira.

Asubui mji ulikufa kweli. Ville morte ikiwa imetangazwa, duka hazifunguke, garage hazifunguke, piki haipite barabarani. Ukipita, vijana wanakurudisha na mawe. Gentille alikuwa kwenye hospitali na mutoto, analinda shangazi yake mwenye walimupasua, hakuwa na njia ya kurudi. Mu kiwanja tulibaki mimi, mukwe, na kuku yangu yenye kulalia mayai mu pembe ya jiko.

Nilikohoa, nikapita kwa jirani yangu Musoki na kitunga changu cha maharage, nikamuelezea ile ya kamio. Nilifanya vile ili mwanaume apate kuinama kwa uhuru. Piki haitengenezwe na mutu amesimama kama mutu wa arusi. Lakini yeye hakujua nitarudi saa gani, na ile njo ilimuharibia kazi.

Niliwaza chumvi, nikarudi kuichukua. Nikamukuta amelala ubavu mu vumbi, miguu upande wa mulango, mafuta mpaka kwenye kiwiko. Aliruka kama mutu amekanyaga siafu, akapotea nyuma ya bashi. Piki ilibaki peke yake, imefunguliwa upande mumoja. Sheni ya zamani, ule munyororo wa chuma wenye kuvuta gurudumu la nyuma, ilikuwa imelala chini kama nyoka amekufa.

Siku zingine Gentille njo anasimama katikati na kubeba maneno. Ile siku hakukuwa mutu. Nikageukia pembe ya jiko.

"Kuku," nilisema, "ambia yule mutu kama nimerudi."

"Kuku," alijibu nyuma ya bashi, "ambia mama anisamehe. Nilizani iko kwa jirani."

"Muulize kama buloni imetoka."

"Mwambie haijatoka. Mwambie nimekosa. Nilipashwa kulegeza buloni ya pinyo wakati sheni ya zamani iko ingali fasi yake. Mutu anakanyaga freni ya nyuma, gurudumu linasimama, sheni inashika pinyo, pinyo haizunguke, na mimi navuta kle ya kufungulia. Sasa nilikuwa na mbio. Niliogopa mama anikute nimelala chini. Nikatoa sheni mbele. Pinyo inazunguka tu na injini, hakuna kitu ya kuishika."

Pinyo ni kale kagurudumu ka meno, mbele kwenye injini, kenye sheni inazungukia. Sikuwa najua mbele ya ile siku. Sasa najua, na buloni yake naijua kuliko nilivyotaka.

"Basi arudishe sheni ya zamani," niliambia kuku.

"Nitairudisha. Lakini freni iko upande ule na pinyo iko upande huu, na mimi niko mutu mumoja. Niliwaza kuita wenzangu wa piki, hawawezi kupita barabara."

Musoki alikuwa amekwisha kusimama kwenye mupaka wa parsele yake. Akisikia sauti ya mutu ana shida, yule mwanamuke haitaji mutu amuite. Akapita mu tundu ya senyenge, akapandisha kanga yake kidogo.

"Mimi nitakanyaga," alisema. "Mimi si mukwe wa mutu hapa."

Niliingia mu jiko ili Donatien atoke. Niliangalia mu tundu ya ukuta, na sitasikia haya kusema kama niliangalia. Ni jiko yangu. Alirudisha sheni ya zamani, akaifunga na kale kachuma kadogo kenye kuunganisha ncha mbili. Musoki akaweka muguu kwenye freni. Donatien akaingiza kle mu buloni, akaongezea tiyo, bomba ya chuma, ili mukono ya kle iwe murefu, akavuta. Buloni haikutikisika. Piki yote njo ilitambaa, na Musoki akatambaa nayo, muguu juu ya freni, mpaka karibu na choo.

"Mama Gentille," aliita, anacheka mpaka anashika tumbo, "huyu mwanaume ananipeleka Mambasa na miguu."

Walijaribu tena, ikawa vile. Musoki ni mwembamba kama makayabu, ile samaki kavu ya chumvi, hana kitu ya kuweka juu ya freni. Akatoka, akakuja mpaka kwenye mulango wa jiko.

"Weye njo uko na kilo," aliniambia. "Kuja ukanyage."

"Piki ya mukwe? Nikae naye uso kwa uso, yeye ameinama?"

"Basi muache aende. Mutoto wako atamufuata, na mujukuu. Weye utabaki na heshima yako. Mutapika pamoja, mutakula pamoja."

"Rudi kwako, Musoki."

"Narudi. Lakini chumvi ulifuata iko mu mukono yako mpaka sasa, umeifinya imekuwa maji."

Ilikuwa kweli.

Donatien alikuwa amesikia yote, maana bashi haina masikio lakini haizuie ya watu. Nilisikia kle zinaingia mu mufuko, moja, ingine, ingine.

"Kuku," alisema, na sauti yake ilikuwa chini, "ambia mama asisumbuke. Kesho nitapanda kamio. Ambia mama nitaacha makala mu gunia."

Ile ya makala njo ilinimaliza. Angekuwa amenitukana ningevumilia. Mutu anaenda kuingia tena mu shimo yenye ilimula, na anawaza kama nitapikia nini.

Nilinawa mikono. Nikaingia mu nyumba, nikatoa kitenge changu kikubwa, kile tulivaa na wamama wa kanisa siku ya wanawake. Nikatoa na kamba ya kuanikia. Nikafunga kamba kutoka mulingoti wa bashi mpaka kwenye muti wa mapera, nikatupa kitenge juu yake, kikashuka mpaka kwenye kiti ya piki, kikaigawanya katikati. Upande wa kuume freni, upande wa kushoto pinyo. Wenye walitengeneza piki sijui kama wako na mama wakwe, lakini walipanga vizuri.

"Kuku," nilisema, "ambia yule mutu kama niko upande wa freni. Yeye apite upande ule. Mwenye ataangalia chini ya kitenge atapofuka macho."

Niliona vidole vya miguu yake vinatoka nyuma ya bashi, vinasimama, vinawaza. Kisha vikakuja, na nikaangalia juu, kwenye mapera, ili nisivione.

Niliweka kandambili juu ya freni, nikashika kiti na mikono yote mbili. Akavuta. Kandambili iliteleza, nikapiga kifua kwenye kiti ya piki.

"Kuku, ambia mama atoe viatu," alisema upande ule.

"Ambia yeye asinifundishe kuvaa," nilisema, na nikazitoa.

"Ambia mama tungoje kidogo. Namwangia buloni petroli, iingie mu kutu."

Tukangoja. Mji ulikuwa kimya, hata piki moja haikuwa inalia mbali, kitu yenye haitokee Bunia. Mimi naangalia maua ya kitenge upande wangu, yeye anaangalia upande wake. Musoki ameketi kwenye mupaka na bakuli ya maharage yangu, anachambua, anajifanya haone kitu.

"Kuku," Donatien alisema kisha muda, "ambia mama kama mimi sitaki kwenda."

Niligeuza kichwa. Ile kuku ilikuwa imetoka zamani mu jiko, ilikuwa inachakura kwa Musoki. Yeye hakujua. Ama alijua, sijui.

"Kule chini," aliendelea, "ukizima lampe, huone hata mukono yako. Nimesema na Constant kama mwanaume, lakini mimi naogopa. Ambia mama asimwambie Gentille."

Nilikuwa nimezani anapenda. Ile miaka yote nilizani mashimo njo iko mu roho yake, na siye tuko fasi ya kungojea.

"Kuku imesikia," nilisema. "Vuta."

Nikapanda na muguu wote juu ya freni. Nilisema kilo zangu zote zishuke pale, za bugali na za miaka, na za uchungu pia. Piki ilinung'unika. Nilisikia pumzi yake upande ule, na tiyo inalia, na goti yangu inalia, nikawaza goti njo itatangulia. Kisha ikapiga kaa, kama mufupa unavunjika, na uzito wote ulipotea chini ya muguu yangu, nikashika kitenge ili nisianguke.

Niliogopa sana. Niliwaza kama buloni imevunjika mu injini na sasa njo mwisho.

"Kuku," nilisema, "uliza."

"Imetoka," Donatien alisema. Hakuipitisha kwa kuku. "Mama, imetoka nzima."

Mimi pia nilisahau kukasirika.

Kazi yenye ilibakia ilikuwa ya mutu mumoja, lakini sikutoka. Nililetewa kiti na Musoki, nikaketi upande wangu. Alitoa sheni ya zamani, akatoa pinyo, akaisukuma chini ya kitenge ili niione. Meno yalikuwa yamelala yote upande mumoja, yamechongoka kama kucha za paka. Kisha akasukuma mupya: meno yake manene, yamesimama, kama ya mutu hajakula sukari. Nikaipima mu mukono, nikairudisha chini ya kitenge. Kuroni ya nyuma, ile gurudumu ya meno kubwa, aliibadilisha mbele ya Pasaka, ilikuwa ingali nguvu.

Akaweka pinyo fasi yake. Sheni mupya akaipitisha juu ya meno, akaivuta nyuma, akaunganisha ncha. Nilimusikia anajisemesha: ile pini ya kufungia, upande umefungwa uangalie mbele, fasi piki inaenda, la sivyo siku moja itaruka mu njia na abiria juu. Akaniomba nikanyage tena, akakaza buloni. Mara hii freni na mimi tulikuwa tumekwisha kujuana. Akavuta gurudumu la nyuma kidogo, akapima sheni na kidole, isilegee, isikaze, akafunga.

"Ambia yeye niko na mawese mu jiko," nilisema. "Aipake sheni ilainike."

"Ambia mama mawese inakamata vumbi. Itaikula sheni mwezi huu huu. Mama aweke mawese mu maharage."

"Maharage yenyewe iko wapi?" nilisema, na Musoki akainua bakuli, akasema maharage iko na bahati, haina mukwe.

Donatien akapaka mafuta ya injini, tone moja moja. Kisha akapiga piki muguu. Ikalia. Barabarani hakuweza kutoka, basi akazunguka mu kiwanja, polepole, akazunguka jiko, akazunguka choo, Musoki akainua miguu ili apite. Hakuna kuruka, hakuna ile kaka-kaka ya siku zote. Ilikuwa inapita laini kama cherehani. Nilivuta kitenge mu uso yangu kila akipita, si juu ya haya peke yake.

Alizima piki, akaingia nyuma ya bashi. Nikasikia telefone.

"Constant, fasi yangu mu kamio, pea mwengine." Akasikiliza. "Ndiyo. Imetoka." Akasikiliza tena, akacheka. "Sema vile unataka. Naogopa giza, na bibi yangu, na mama mukwe. Niko na watu wa kuogopa hapa Bunia, siwezi kuacha."

Nilichukua bakuli kwa Musoki, nikaweka maharage kwenye moto. Nilikuwa nimeshika woga mu mwili mzima tangu jana, na sasa ulitoka kama vile ile buloni ilitoka, yote mara moja, nikawa mutu wa kulala. Nilipakua sahani ya Donatien, nikaiweka kwenye jiwe karibu na bashi, nikakohoa. Nikala yangu, sikumbuke kama iliiva.

Asubui kamio ilipita kwenye barabara kubwa na honi yake. Musoki alisikia, yeye njo aliniambia. Mimi nilikuwa ningali nalala. Sikusikia hata Donatien akitoka mapema na piki kwenda hospitali. Kitu yenye iliniamusha ilikuwa sauti ya Gentille mu kiwanja, mutoto mu mugongo, anauliza kwa nguvu ni nani alilala bila kuosha sufuria.